Sifa za Mtu wa Pembeni: Harry Dean Stanton

Kwenye mabanda ya video swali la kwanza huwa moja tu: steringi nani? Akishajulikana, macho yote humfuata yeye, na waliobaki wanageuka watu wa kupigwa, kufa, au kufungua mlango steringi apite. Ninayetaka kumsifu hapa aliifanya kazi hiyo ya kufungua milango kwa takribani miaka 60, na mara nyingi steringi alipokwisha kupita, mimi nilibaki nikimtazama yeye.

Harry Dean Stanton alizaliwa Julai 14, 1926, West Irvine, katika jimbo la Kentucky, Marekani. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia aliingia jeshi la wanamaji, akawa mpishi melini, na mapigano ya Okinawa ya mwaka 1945 yalimkuta huko huko. Aliporudi alisoma Chuo Kikuu cha Kentucky, akaonja jukwaa, kisha akaenda California kujifunza uigizaji Pasadena Playhouse. Miaka ya 1950 na 1960 aliimaliza kwenye filamu za kauboi na michezo ya televisheni: leo jambazi, kesho mfungwa, keshokutwa mpanda farasi wa tatu nyuma ya mkubwa wa genge. Alikuwa mwembamba, mashavu yamebonyea, macho kama ya mtu aliyekesha. Uso wa namna hiyo haupewi nafasi ya mpenzi wa binti mrembo.

Rafiki yake Jack Nicholson, ambaye waliwahi kuishi nyumba moja, ndiye aliyempa somo kubwa. Nicholson aliandika filamu ya Ride in the Whirlwind katikati ya miaka ya 1960, akamtengea Stanton nafasi ya kiongozi wa wahalifu, na kumwomba jambo moja: asifanye chochote, aziache nguo zimfanyie kazi. Stanton mwenyewe alikuwa akilisimulia hili, na ukizitazama filamu zake zilizofuata utaona alilishika maisha yake yote.

Kutofanya chochote mbele ya kamera ni kazi ngumu. Mwigizaji aliyepewa sentensi mbili huona hii ndiyo nafasi yake ya kujulikana, basi huzipigia kelele. Hata katika filamu zetu za Bongo, mlinzi wa getini anakodoa macho na kupayuka utadhani filamu nzima ni ya geti lake. Stanton aliingia kwenye onyesho akiwa ametoka mahali fulani, ana uchovu wake na madeni yake, na hana haja ya kukueleza.

Mtazame katika Alien ya Ridley Scott, ya mwaka 1979. Yeye ni Brett, fundi wa chombo cha angani, ambaye pamoja na mwenzake Parker, aliyechezwa na Yaphet Kotto, wananung'unikia mgawo wao wa malipo kama mafundi wa gereji yoyote duniani. Anatumwa kumtafuta paka. Anaingia kwenye ukumbi mrefu wenye minyororo inayoning'inia na maji yanayodondoka kutoka juu. Anasimama, anavua kofia, anainua uso na kuyaacha maji yamdondokee. Hadithi haikuyahitaji maji yale. Aliyeyahitaji ni mtu aliyeshinda kazini kwenye joto. Ndiyo maana lile dude geni linalowawinda mle chomboni linapomshukia muda mfupi baadaye, kifo chake kinauma: tumetoka kumwona akiburudika.

Kisha ikaja Paris, Texas, mwaka 1984. Wim Wenders aliongoza, Sam Shepard akaandika, na Stanton, akikaribia miaka 60, akapewa kubeba filamu nzima kama Travis. Ilitwaa Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la Cannes. Travis anatokea jangwani akiwa na suti iliyochakaa na kofia nyekundu, na kwa karibu nusu saa hasemi neno hata moja. Lakini onyesho ninalolirudia ni lile la karibu na mwisho. Travis amempata mkewe Jane, aliyechezwa na Nastassja Kinski, akifanya kazi mahali ambapo wanaume hulipa kumtazama mwanamke kupitia kioo. Mwanamume anamwona, mwanamke haoni kitu. Wanazungumza kwa simu. Travis anageuza kiti, anampa mgongo, na kuanza kusimulia habari za watu wawili aliowahi kuwafahamu: mwanamume aliyempenda binti mdogo kupita kiasi, wivu, pombe, nyumba iliyoungua moto. Hapandishi sauti wala halii. Anayasema kama mtu anayetoa ushahidi dhidi ya nafsi yake na hataki kupunguziwa adhabu. Jane anasikiliza kama anavyomsikiliza mteja yeyote, mpaka anaitambua hadithi. Baadaye anazima taa za upande wake, Travis anajimulika usoni, na hapo ndipo anamwona. Mwigizaji mwingine angelitumia onyesho hilo kujinyakulia tuzo. Stanton alilikabidhi kwa Kinski, akamwachia uso wake useme kinachotokea.

Wengi walidhani sasa atakuwa steringi. Akarudi pembeni: baba asiye na kazi katika Pretty in Pink, na watu wa kila namna katika filamu za David Lynch. Hakuwahi hata kupendekezwa kuwania Oscar. Sioni kwamba alishuka. Katika The Straight Story ya 1999, mzee Alvin, aliyechezwa na Richard Farnsworth, anasafiri kwa mashine ya kukatia majani kutoka Iowa hadi Wisconsin kwenda kupatana na ndugu yake mgonjwa. Karibu saa mbili tunamsubiri ndugu huyo. Anapotoka kwa kigari chake cha kutembelea, ni Stanton, na dakika zake ni chache mno. Anaitazama ile mashine, midomo inatetemeka, anauliza kama kweli ndugu yake ameipanda safari yote hiyo kuja kumwona. Angetikisika mtu huyo mmoja, safari nzima ingekuwa bure.

Nafasi kubwa ilimrudia mwishoni. Lucky, iliyoongozwa na John Carroll Lynch, inamhusu mzee wa miaka 90 aliyekuwa mpishi melini katika jeshi la wanamaji, kama yeye. Kwenye sherehe ya mtoto wa Kimeksiko mzee huyo anaanza ghafla kuimba kwa Kihispania, sauti nyembamba inayokwaruza, na wapiga mariachi wanamfuata. Stanton alikuwa mwimbaji siku zote. Mwaka 1967 katika Cool Hand Luke aliimba akiwa mfungwa mmoja miongoni mwa wengi. Safari hii kamera ilimsubiri mpaka akamaliza. Alifariki Septemba 15, 2017, na wiki mbili baadaye Lucky ikaanza kuonyeshwa katika kumbi za Marekani, jina lake likiwa la kwanza.