Raha ya Kusoma Habari za Nunda

Wako watu, msomaji, ambao wakimwona kijana ameinamia kitabu cha habari za madubwana humpokonya na kumpa kingine, ati chenye mafunzo. Mimi nataka kukitetea kitabu kile kilichopokonywa. Na kwa kuwa tupo pwani, shahidi wangu atakuwa dubwana la kwetu: nunda mla watu.

Habari zake zimo katika ngano alizozikusanya Unguja Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu, zikapigwa chapa London mwaka 1870. Sultani Majinuni ana paka. Paka amla ndama. Watu wakaenda kushitaki. Sultani ajibu kwamba paka ni mali yake, na kilicholiwa vile vile ni mali yake, basi wao wanalalamika nini? Paka akaendelea na mbuzi, ng'ombe, punda, hata ngamia, na jibu ni lile lile. Akamla mtoto wa watu, jibu halikubadilika. Siku alipowaua wana wa Sultani mwenyewe, ndipo Sultani alipokiri kwamba huyo si paka tena, ni nunda.

Tazama jinsi msimulizi asivyokasirika. Hatukani, wala hahubiri. Anahesabu tu, mnyama baada ya mnyama, nasi twacheka. Na katika kucheka huko twajua barabara ni nani aliyemlea nunda. Mtungaji mwenye hasira angetuchosha kabla hatujafika kwa ngamia.

Lakini raha kubwa ya hadithi iko mbele. Kitinda mimba wa Sultani, kijana mpenda kukaa jikoni, ambaye baba yake hakumtazamia makuu, atoka kwenda kumsaka nunda. Aua mbwa, amburura hata nyumbani akiimba kwa furaha. Mama yake atazama, amwambia kwamba siye. Atoka tena, aua fungo, siye. Ngawa naye siye. Punda milia, twiga, kifaru, hata tembo mzima: kila mara kijana arudi na wimbo, na kila mara mama akanusha, kisha amsihi akae nyumbani. Nilipoisoma hadithi hii kwa sauti darasani Changamwe, tulipofika kwa twiga wanafunzi walikuwa wakimjibia mama kabla sijafungua kinywa. Mwalimu hawezi kutaka zaidi.

Hapa ndipo ninapowaomba wanaodharau hadithi hizi wasimame kidogo. Kijana alidhani dalili ya nunda ni ukubwa, kwa hiyo kila safari alitafuta mnyama mkubwa kuliko wa jana. Baada ya tembo angetafuta nini? Mama hakudanganywa na ukubwa. Alikuwa na sifa za mnyama, akampa mwanawe: masikio yake madogo, mwili wake mpana wala si mrefu, ana mabaka kama ya fungo, na mkia wake ni mnene. Kijana alipomkuta nunda amelala, hakufyatua bunduki papo hapo. Kwanza alizipitia sifa zile moja moja, akalinganisha masikio, mwili, mabaka na mkia. Tukimwona mtaalamu akifanya hivyo kwa miwani na daftari, twaiita sayansi. Mama huyu aliifanya jikoni.

Wazungu nao wana hadithi za namna hii. Mwaka 1912 Arthur Conan Doyle alitoa riwaya iitwayo The Lost World, juu ya Profesa Challenger na wenzake waliopanda uwanda wa juu huko Amerika ya Kusini, wakakuta wanyama wa kale ambao dunia ilidhani wamekwisha. Ni kitabu cha mchezo, chenye maprofesa wenye kugombana kama watoto, na kila ukurasa una kishindo. Nao waliporudi London, baadhi ya watu mkutanoni walikataa kusadiki, mpaka Challenger alipofungua sanduku na mnyama mwenye mabawa ya ngozi akaruka juu ya vichwa vya watu. Wakanushi wale wa London, kwa maoni yangu, ni mama wa kitinda mimba katika mavazi mengine: wamekataa maneno, wataka kuonyeshwa. Ila mama ana heri zaidi, kwani yeye alijua atakachokubali kabla hajaletewa.

Sisemi kwamba ngano ya nunda haina kasoro. Sehemu yake ya kwanza, ya mtende wa Sultani na ndege aliyekuwa akiyala matunda yake, ni nzuri, lakini yaonekana kama hadithi nyingine iliyoshonewa hapo kwa uzi mweupe. Anayeisoma mara ya kwanza hungoja nunda muda mrefu mno.

Basi ukiwa Likoni wangojea feri, au Kisauni mvua imekuzuia ndani, itafute ngano hii uisome kwa sauti, pamoja na mdogo wako kama yupo. Ufikapo kwa kifaru, nyamaza kidogo umsikilize. Atalisema jibu la mama mwenyewe, na kama atauliza masikio ya nunda yalikuwa madogo kiasi gani, usimharakishe.