Mpiga mbiu wa Kamango

Kamango, kule Watalinga, mashariki mwa Kongo, mbiu hupigwa alfajiri, watu hawajashika njia ya mashamba ya kakao. Mpiga mbiu ninayemkumbuka hakuanza na tangazo. Aliuliza, "Mmeamka salama?" akanyamaza mpaka aitikiwe nyumba ya kwanza, kisha ya pili. Ndipo atoe la siku hiyo, moja tu: "Kesho kengele ya shule ikilia, chini ya mwembe. Kila mama aje na kadi ya mtoto."

Nilichelewa kuuona ufundi wake. Aliyekwisha kuitikia hawezi kujifanya hakusikia. Na aliyepewa kengele, mti na kitu cha kushika hana tena la kuwaza, anatafuta kadi. Mwambie tu kwamba afya ni mali: atakubali, kisha ataenda zake shambani.

Halafu kitenzi. Ebola ilipotangazwa Mangina, tarehe 1 Agosti 2018, wageni walituambia "Naweni mikono." Mpiga mbiu alisema "Tunawe." Naweni husemwa na aliyesimama pembeni, tunawe husemwa na aliyeinama nawe kwenye ndoo ileile.

Hata hivyo kitenzi hakibebi kila kitu. Desemba mwaka huo CENI, tume ya uchaguzi, iliahirisha kura za Beni, mji na teritwari yake iliyo na Kamango yetu, pamoja na Butembo, hadi Machi 2019, Ebola ikiwa mojawapo ya sababu. Masoko na makanisa yalikuwa wazi. Rais akaapishwa Januari bila kura zetu. Baada ya hapo, anayeita "njooni kwenye matibabu" angesikilizwa kwa sikio gani? Lakini tarehe 30 Desemba watu wa Beni walipanga foleni, wakapiga kura yao ya mfano, na kabla ya kuishika karatasi walinawa mikono. Maji hawakuwa wameyakataa kamwe. Hilo huniuma mpaka leo.

Ndiyo maana navipenda vile vyumba vya wagonjwa wa Ebola vya shirika la tiba la ALIMA kule Beni, vyenye kuta za plastiki angavu: ndugu alimwona mgonjwa wake na mgonjwa akamwona. Mwito ulipata dirisha.

Mpiga mbiu wetu dirisha lake lilikuwa uso wake. Siku moja akina mama walikuja chini ya mwembe, muuguzi hakutokea. Jioni alipita nyumba kwa nyumba, bila kipaza sauti, akiomba radhi. Alfajiri akauliza tena kama tumeamka salama, na nyumba ya kwanza ikaitikia.