Sikio la Bati

Ukifika Makambako ukasema unatafuta pikapu, utaulizwa una magunia mangapi. Mji wenyewe umekaa pale ambapo barabara kuu ya Mbeya na Zambia inaachana na ile ya Njombe na Songea, treni ya TAZARA inapita, na viazi kutoka milimani vinateremka karibu kila siku. Pikapu hapa ni gari. Kwa hiyo siku nilipomwambia fundi redio kwamba nataka pikapu ya gita, vijana wawili waliokuwa wakisubiri amplifaya yao waliangua kicheko. Fundi hakucheka. Alifuta mikono.

"Kamwene, mwalimu. Lete tulione."

Nilifungua mfuko. Gita lenyewe ni la chuma. Aliliacha mgeni mmoja aliyekuja kujitolea shuleni kwetu Njombe, siku ya kuondoka mizigo ikamzidi. Ukilitazama kwa mbali utadhani mtu amepachika sufuria kwenye tumbo la gita, na hutakuwa umekosea sana, maana ndani yake mna sahani nyembamba ya alumini, upana wake kama sentimita 24, iliyochongoka katikati. Juu ya ncha hiyo kimekaa kipande cha mbao cha mviringo ambacho watengenezaji hukiita biskuti, na nyuzi zinapita juu ya biskuti hiyo. Ukigusa uzi, mbao inaitikisa sahani, sahani inaisukuma hewa. Ni spika isiyohitaji umeme, ndiyo maana halikuwahi kunisumbua nilipokuwa nalipiga barazani. Taabu ilianza nilipoombwa nilipige harusini, mbele ya watu mia tatu.

Magita haya yalizaliwa kwa sababu ya taabu hiyohiyo. Miaka ya 1920 huko Los Angeles, mpigaji mmoja aitwaye George Beauchamp alichoka kufunikwa na tarumbeta na ngoma. Akamwendea fundi mhamiaji kutoka Slovakia, John Dopyera, akamwomba gita lenye sauti kubwa. Dopyera akabuni gita lenye sahani tatu za alumini, na mwaka 1927 wakaanzisha kampuni ya National. Mwaka uliofuata alikuwa ameshagombana na wenzake, akaondoka na ndugu zake kwenda kutengeneza magita ya Dobro, jina linalounganisha ukoo wao na udugu wao, na ambalo kwa lugha ya kwao maana yake ni kitu chema. Lakini mwisho wa mkasa ndio unaonichekesha. Beauchamp huyohuyo alipotimuliwa National mwaka 1931, alitengeneza pamoja na Adolph Rickenbacker gita la kwanza la umeme lililopata soko, la alumini tupu, dogo la mviringo lenye mkono mrefu, watu wakalibandika jina la Kikaango. Lilikuwa na sumaku na waya uliozungushwa chini ya nyuzi. Yaani aliyeagiza sufuria ndiye aliyeleta kikaango, na kikaango kikaifanya sufuria ionekane haina kazi tena. Kumbe haikuwa kweli, kwa sababu sufuria ina sauti yake, na wapo wanaoitaka sauti hiyo tu.

Sauti hiyo ndiyo niliyoipoteza usiku wa ile harusi. Kijana wa mitambo aliniwekea maiki mbele ya gita. Nikipiga taratibu, sikusikika. Alipopandisha, spika ikaanza mluzi, kwa sababu sauti ya spika ilikuwa inarudi kwenye sahani, sahani inaipokea kama ni uzi umepigwa, maiki inaipeleka tena kwenye spika. Gita la mbao nalo hufanya hivyo, ila hili la bati hufanya kwa ari zaidi, kwa vile kazi yake toka kuzaliwa ni kutikisika. Na nje, hasa Makambako, maiki haina heshima kabisa. Upepo wa pale unajulikana. Ukisimamisha maiki uwanjani, nusu ya utakachosikia ni upepo wenyewe.

"Sumaku ninayo," fundi alisema, akavuta boksi la vyuma chakavu. Alinionyesha pikapu ya gita la umeme, waya wa shaba mwembamba kama unywele umezungushwa maelfu ya mara kwenye sumaku. Sikuipuuza. Kule Kinshasa, Mawangu Mingiedi na kundi lake la Konono No. 1 waliokota sumaku kwenye vipuri vya magari, wakazifanya pikapu za likembe, ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, na walipotoa albamu ya Congotronics mwaka 2004 dunia ilisikiliza mkwaruzo ule kama kitu kipya. Sumaku haipigi mluzi kirahisi. Haijali upepo. Lakini sumaku husikia chuma kinachocheza juu yake, basi. Nyuzi za shaba nyeusi huzisikia kwa shida, kwa kuwa ni kiini chake cha chuma tu kinachoigusa, na sahani haiisikii hata kidogo. Fundi aliishikilia juu ya nyuzi zangu, akaunganisha, nikapiga. Lilitoka gita zuri la umeme. Lingeweza kuwa gita la mtu yeyote.

Akachomoa waya bila kuniuliza.

Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu. Alichukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka kwenye chuma cha gita, mpini akauegemeza kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, akaniambia, "Piga." Mafundi magari husikiliza injini hivyo, kutafuta beringi inayolia. Yeye alikuwa anatafuta mahali sauti inapokaa. Alihamisha ncha pembeni mwa kifuniko, akatingisha kichwa. Tukalegeza nyuzi, tukafungua kifuniko, akaigusa sahani yenyewe kwa uangalifu wa mtu anayemgusa mtoto mwenye homa. Karibu na ukingo, alisema, kuna besi nyingi, inavuma kama pipa. Katikati kabisa ni kali, inachoma. Ubavuni mwa biskuti, hapo ndipo.

Alichotaka kubandika hapo kilikuwa kisahani cha shaba cha ukubwa wa sarafu, chenye duara jeupe la kauri juu yake, alichokitoa kwenye mwanasesere wa kuimba aliyekufa. Kauri ile ikikunjwa kidogo hutoa umeme, ikipewa umeme hujikunja, ndiyo maana kifaa kinachompigia mtoto wimbo kinaweza pia kusikiliza gita. Haitafuti chuma wala hewa. Inasikia mtikisiko wa kitu ilichobandikwa, uwe wa alumini, mbao au kibuyu. Lakini kila gramu unayoongeza karibu na sahani inakula sauti, na gundi ngumu haina msamaha. Fundi akatoa donge la nta ya nyuki, akalikanda kwa vidole mpaka likalainika, akapaka kiasi cha punje ya mchele. Alibandika, tukasikiliza, akabandua. Mara saba. Mimi ningeridhika mara ya tatu.

Nikamwambia kwamba gita hili kwetu si geni kama linavyoonekana. Nani asiyekumbuka gita la galoni, lile la kopo la mafuta ya kupikia, na nyuzi za waya wa breki za baiskeli? Bati linaitikia, hata asiyejua kupiga anasikika. Na kabla ya galoni kulikuwa na ligombo la jirani zetu Wahehe: ubao uliochongwa kama kihori, uzi mmoja umepitishwa huku na huko mpaka ukawa nyuzi kadhaa, na kibuyu kimefungwa cha kuikuza sauti. Kibuyu kinafanya kazi ileile ya sahani ya Dopyera. Hugh Tracey alipopita Tanganyika mwaka 1950 akirekodi ala za wenyeji, ligombo likiwemo, alikuwa na desturi ya kushika maiki mkononi, akiisogeza karibu na mbali kadiri muziki ulivyomwongoza. Nadhani ndiyo siri ya rekodi zake, pamoja na zile za gita la Mwenda Jean Bosco alizofanya Katanga mwaka 1952: maiki ilikuwa na mtu mwenye masikio nyuma yake.

Fundi alisikiliza yote haya huku akilehemu. Kisha akauliza, "Na ile mikwaruzo?" Sahani yangu ina kitetemo kidogo kwenye uzi wa tatu, kama nzi ndani ya kopo. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba aiondoe. Yeye alitaka kujua kama aiache. Nikakumbuka ilimba za Wagogo, ndugu za likembe, za wanamuziki akina Hukwe Zawose, ambazo vitundu vya kasha lake hufunikwa utando wa buibui makusudi, ili kila noti itoke na mvumo wake. Mtaalamu wa studio asiyejua angeuchuja mvumo ule akidhani ni kasoro. Nikamjibu aiache.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kuokoa besi. Kisahani cha kauri kina nguvu ndogo mno. Ukikichomeka moja kwa moja kwenye mikisa ya kawaida, inakinywa, na unachobaki nacho ni sauti nyembamba ya simu mbovu. Akajenga kisanduku chenye transista moja na betri ya volti 9, cha kusimama katikati kama mkalimani, akakiweka ndani ya kopo la rangi ya viatu ili bati lizuie mngurumo wa umeme. Jeki akaifunga kwenye tundu lililokuwapo, bila kutoboa chuma. Alipowasha, wale vijana wawili waliacha kucheka. Ilikuwa sauti ya gita langu, na nzi wake, imekuwa kubwa tu.

Alinitajia bei ya kutengeneza redio. Nikaongeza, akakataa, nikamwachia debe la viazi.

Kutoka Makambako hadi Njombe ni kama kilomita sitini, na barabara inapanda. Ilikuwa Juni. Asubuhi yake, gita la chuma lilishikika kama bomba la maji la nje, na nilipoliwasha, sauti ilikuwa imebadilika: kali, kavu, kama mtu anayeongea kwa meno. Nikampigia simu. Alinyamaza kidogo, nikasikia upepo wa kwao kwenye simu.

"Ni nta, mwalimu. Huko kwenu inaganda. Jana tumelisikiliza kwenye joto la huku." Akaniambia nisiguse kitu. Jumamosi angepanda yeye Njombe na basi la kwanza, na nta yake na bisibisi yake, alisikilize kwenye baridi.