Lord Spikeheart: Ngurumo Yenye Asili ya Msituni

Jamani, Kenya ina mtu wa namna hii na redio zetu bado zinarudia nyimbo zilezile kutwa kucha? Lord Spikeheart! Martin Khanja kwa jina lake la kawaida. The Adept, albamu yake ya kwanza akiwa peke yake, ilitoka Aprili 2024 chini ya HAEKALU, lebo aliyoianzisha mwenyewe. Nimeisikiliza mara ya kwanza huku Mikinduri, Tigania, na sasa sina amani: kila anayepita namsimamisha asikie kidogo.

Kama metali ya viwandani, mzizi wa muziki wake, ni jambo geni kwako, asili yake hii hapa. Mjini Birmingham, Uingereza, Tony Iommi wa Black Sabbath alikatwa ncha za vidole na mashine katika kiwanda cha mabati, akaendelea kupiga gitaa hivyohivyo. Miaka ikapita, wawili wa mji huohuo, Justin Broadrick na G. C. Green wa Godflesh, wakaamua kutotumia mpiga ngoma, wakawasha mashine ya ngoma. Mwaka 1989 wakatoa Streetcleaner, albamu nzito yenye mapigo yasiyojua kuchoka. Kiini cha bendi: watu wawili na mashine!

Sasa njoo kwetu. Khanja na Sam Karugu walikulia katika bendi za metali za Nairobi, zikiwemo Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura. Wakaunda Duma, wakaenda Kampala, wakarekodi katika studio ya Nyege Nyege, watu walewale wa tamasha la Jinja. Albamu yao, Duma, ilitoka Agosti 2020, na hapo ndipo ulimwengu uliposhtuka. Sikiliza Lionsblood! Ngoma zinakwenda kasi ambayo mikono ya binadamu haiwezi, na juu yake kuna sauti ya mtu anayepiga mayowe kana kwamba nyumba inaungua. Karugu anapanga mapigo, Khanja anayararua. Hawaigi Birmingham hata kidogo. Mapigo yao yanapishana na kugongana kwa namna ambayo mtu aliyekulia kwenye ngoma za huku anaishika mara moja, hata kama kichwa kinakataa.

The Adept inaichukua hasira hiyo na kuifungulia milango yote. Khanja amekuwa mwenyeji wa karamu: amewaita watayarishaji na wasanii kutoka kila pembe, akiwemo Backxwash, mzaliwa wa Zambia anayeishi Kanada, aliyeshinda Tuzo ya Polaris mwaka 2020, na Scotch Rolex, Mjapani ambaye Khanja alishaimba naye katika Tewari ya 2021. Trapu, tekno, metali, vyote vimo katika chungu kimoja. Na bado, kati ya mashine zote hizo, chombo kikuu ni koo la Khanja. Anashuka chini kabisa mpaka maneno yanageuka ngurumo, anapanda hadi ukelele mwembamba unaochoma, kisha ghafla anaghani kwa utulivu wa mtu anayepiga soga kibarazani. Hapo ndipo nywele zinaponisimama!

Lakini kilichonimaliza ni jina la aliyetunukiwa albamu hii: Muthoni wa Kirima, nyanya mkuu katika ukoo wake. Ndiyo, yule yule! Mwanamke wa pekee aliyefikia cheo cha Field Marshal katika Mau Mau, aliyebaki msituni mpaka uhuru ulipokuja mwaka 1963. Nywele alizozifuga tangu msituni hazikukatwa hadi Aprili 2022, na aliyezikata alikuwa Mama Ngina Kenyatta. Alifariki Septemba 2023, miezi saba kabla ya albamu kutoka.

Hapa Tigania habari hiyo haihitaji kufafanuliwa. Field Marshal wetu ni Musa Mwariama, na picha yake ya 1963 akiwa na Jomo Kenyatta, misokoto ya nywele ikimning'inia, tunaijua sote. Ukiwa umekulia kwenye hadithi hizo, mayowe ya The Adept hayakutishi kwa namna inayomtisha mgeni. Unasikia ukoo uliokaa kimya muda mrefu ukidai nafasi yake, kwa sauti isiyoomba radhi.

Nimeijaribu kwenye spika kubwa ya duka la miraa hapa sokoni. Besi ilipoingia, mabati ya kibanda yakaanza kutetemeka na kuongeza mlio wao ambao haumo kwenye albamu. Kijana aliyekuwa akifunga vibunda kwa majani ya migomba akasimama, akauliza kama spika imepasuka. Nikamwambia hapana, ndivyo ilivyorekodiwa. Akasikiliza kidogo, akatikisa kichwa, akarudi kwenye vibunda vyake, ila sasa akifunga kwa mapigo ya wimbo!

Dosari ipo. Wageni ni wengi, na mara mojamoja vurugu zinarundikana hadi huwezi kujua nani kafanya nini. Maneno nayo yanapotea ndani ya mayowe. Ukitaka mashairi ya kuimba bafuni, tafuta kwingine. Mimi nimesamehe yote.

Ushauri wangu: anza na Lionsblood upime moyo wako, kisha ingia The Adept mwanzo hadi mwisho bila kuruka wimbo. Usitumie spika ya simu, maana nusu ya kazi iko kwenye besi na simu inaimeza. Na ukiwa na mzee nyumbani anayekumbuka habari za msituni, mweleze kwanza albamu ametunukiwa nani, ndipo ubonyeze. Akilalamika kuhusu kelele, muulize kama Muthoni alitoka msituni kwa kunong'ona.