Kitabu Kikiisha

Ndugu msomaji, wako watu wanaosoma hekaya ndefu za majini na wafalme, chuo baada ya chuo, na wakifika ukurasa wa mwisho huingiwa na majonzi kama waliofiwa. Huku kwetu Mbegani na Bagamoyo utamsikia kijana akisema, "Laiti ingeendelea!" Wakubwa wengine humcheka, wakamwambia kuwa anawalilia watu wasiopata kuzaliwa. Sisi hatumcheki, maana moyo usioguswa na hadithi huenda usiguswe na jirani. Lakini twapenda kumwuliza: anayetaka kitabu kisiishe, ataka nini hasa?

Natuchukue hekaya iliyo mashuhuri kuliko zote, Alfu Lela Ulela. Antoine Galland aliitoa kwa Kifaransa katika vitabu 12, tangu mwaka 1704 hata 1717, na walioipenda ikawabidi wangoje miaka. Kwa Kiswahili ilitolewa mwaka 1929 kwa kazi ya Brenn na Johnson, na katika zama zetu Hassan Adam akaifasiri upya. Si wote walioisifu. Ibn al-Nadim, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 10, alikitaja kitabu cha Kiajemi kilicho asili yake, akakihukumu kuwa ni kitabu duni, chenye maneno baridi. Hata hivyo hekaya hizo zimeishi miaka elfu baada ya hukumu yake.

Basi tuzame kidogo. Kila usiku katika hekaya ile ni usiku wa upanga. Mfalme alikuwa akioa mwanamwali jioni na kumwua asubuhi, na Shahrazad anahadithia ili apate kuiona kesho, na wanawali wengine wasalimike naye. Kwa hiyo msomaji anayeomba usiku mmoja zaidi, anamwombea Shahrazad hofu ya usiku mmoja zaidi. Amekuwa kama mfalme yule wa mwanzoni, aliyemwacha hai kwa kuwa alitaka kusikia yaliyosalia. Hiyo haikuwa huruma. Ilikuwa ni uroho wa masikio.

Huruma ilikuja mwishoni. Katika nakala iliyopigwa chapa Bulaq, nchini Misri, mwaka 1835, Shahrazad anawaleta wanawe watatu mbele ya baba yao, anamwomba amwache hai kwa ajili yao. Mfalme anamjibu kuwa amekwisha kumsamehe kabla ya watoto hao kuja, kwa usafi na uchaji aliouona kwake. Tazama: hasemi kuwa amemsamehe kwa utamu wa hadithi. Aliyekuwa akisikiliza masimulizi, sasa anamwona mtu. Lau kitabu kisingekwisha, mfalme asingepata pa kuonyesha kuwa amebadilika.

Na yuko msomaji mmoja wa pwani aliyetuonyesha la kufanya baada ya kufunga kitabu. Katika hekaya zile imo ya Abdalla bin Fadhil, liwali wa Basra, na nduguze wawili waliogeuzwa mbwa kwa hasadi yao. Shaaban Robert aliichukua, akaifanya Adili na Nduguze, iliyotoka mwaka 1952. Mbwa wakawa manyani, na ndugu wakaitwa Hasidi na Mwivu. Lililo kubwa ni kuwa aliugeuza mwisho. Kwa Kiarabu, ndugu wale wakisharudishiwa umbo la watu wanarudia khiana, wanajaribu kumwua ndugu yao, nao wanauawa. Kwa Shaaban Robert wanasamehewa, wanatubu, na hadithi inaishia kwenye harusi. Wako watakaosema mwisho wa Kiarabu una ukweli zaidi, kwani hasidi hapoi upesi. Huenda. Lakini Shaaban Robert hakukaa akilia kuwa hekaya imekwisha. Aliuliza ingalifaa iishe vipi, akatutungia jibu.

Hekaya si Kurani, wala hatuzifananishi. Lakini Mwislamu anaijua Sura Yusuf, habari ya kweli ya ndugu waliohusudu, na inavyofikia katika msamaha wa Yusuf kwa nduguze. Sura hiyo inamalizia kwa kutukumbusha kuwa katika habari zao mna mazingatio kwa wenye akili. Mazingatio huja baada ya kusikiliza.

Basi kijana aliyemaliza kitabu chake, na aone huzuni yake, si aibu. Ila ajiulize: katika waliomliza mle, ni nani aliye mfano wake humu mtaani? Kama alimlilia ndugu aliyedhulumiwa, je, nduguye wa tumbo moja wanasemezana? Akiinuka akaenda kumwamkia, hapo kitabu kimekwisha vyema.

Wabillahi tawfiki.