Dar es Salaam hadi Mwanza kwa Saa za Mtoto

Barabara itokayo Dar es Salaam, ikapita Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga hata ikafika Mwanza, ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,100, na basi lenye madereva wa kupokezana huimaliza kati ya alfajiri na usiku wake. Lakini mwenye kupakia garini mtoto wa miezi 18, ambaye ametoka kujifunza kutembea na hana ajizi ya kuutumia ujuzi huo kila afunguliwapo, hana budi kuiweka kando hesabu ya basi na kutunga nyingine. Ninalotaka kulithibitisha hapa, kwa kuichambua safari tuliyoifanya jamaa nzima wakati wa kipupwe, ni kwamba safari ya namna hiyo hufaulu au huharibika kabla ufunguo haujazungushwa, na kwamba inapasa ipimwe kwa saa za mtoto: saa anazolala, saa anazokula, na saa ambazo miguu yake inataka kukanyaga ardhi.

Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili huhitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 katika kila saa 24, na sehemu ya usingizi huo ni wa mchana. Kadhalika Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilishauri kwamba mtoto aliye chini ya miaka mitano asifungwe mahali pamoja, kitini wala mgongoni, kwa zaidi ya saa moja mfululizo. Sheria nayo inamtaka dereva asizidi kilomita 50 kwa saa apitapo kwenye makazi ya watu, na makazi katika barabara hii hayaishi, kila kijiji kina matuta yake, na aghalabu yuko askari chini ya mwembe na tochi yake ya kupimia mwendo mkononi. Ukiyajumlisha hayo yote, na ukavihesabu vituo, utaona kwamba gari ambalo mshale wake unasoma 80 mahali peupe linapata kwa hakika kilomita 40 tu kwa kila saa ya mchana. Hicho ndicho kipimo tulichokitumia. Kwa kipimo hicho kilomita 260 za Morogoro hadi Dodoma ni kazi ya saa sita na nusu, na kilomita 240 hivi za Dodoma hadi Singida ni kazi ya saa sita. Na aliyezoea kuzipita peke yake ataona nimetia chumvi, mpaka atakapojaribu kumrudisha kitini mtoto ambaye hajamaliza kumtazama mbuzi.

Maana kituo cha dakika kumi hakina faida. Dakika hizo mtoto huzimaliza kwa kushangaa tu mahali alipo, na anapoanza kuona raha ya kukimbia huchukuliwa na kufungwa upya, ndipo kilio huwa kikubwa kuliko kama asingeshushwa kabisa. Nusu saa ndiyo akali ya kutosha, katika uwanja wa kituo cha mafuta chenye kivuli na choo, mbali na njia ya malori, na mtu mzima mmoja akiwa hana kazi nyingine yoyote ila kumfuata.

Kwa sababu hiyo tuliifanya hatua ya kwanza kuwa fupi kwa makusudi, tukalala Morogoro chini ya milima ya Uluguru, ingawa ni kilomita 190 tu; kwani msongamano wa malori kutoka Kimara hadi Chalinze haukadiriki, na asiyeweza kukadiria sehemu ya njia ni heri aipe siku yake. Hatua ya pili iliishia Dodoma, ya tatu Singida, ya nne Nzega. Na hapa niseme kwa nasaha: tangu mwaka 2024 treni ya reli mpya inafika Dodoma, na kwa mwenye mtoto mdogo ambaye safari yake inaishia huko sina shauri jingine la kumpa ila apande treni. Gari lina haki yake kwa yule ambaye, mfano wetu, ana bibi wa kumpitia hapa na shangazi wa kumsalimu pale.

Jambo lililotuchukulia muda mrefu zaidi wa matengenezo ni kiti cha mtoto. Mama yangu mzazi, aliyekuwa abiria wetu wa heshima, alipokiona kimefungwa nyuma, kimeelekezwa kinyume, mtoto akitazama tulikotoka badala ya tuendako, alisikitika. "Mwanangu," akaniambia, "mtoto hafungwi kama mzigo. Nipe nimpakate." Nikamjibu, "Mama, mikono yako ndiyo iliyotulea sote na wala siishuku. Hesabu ndiyo inayonitisha." Nikamweleza. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Likigonga na kusimama katika sehemu ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 12 hutupwa mbele kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 170 hivi, na hakuna mikono ya mwanadamu, iwe ya mama au ya mpiga mieleka, inayoweza kuizuia. Mbeleko ni tadbiri njema kwa mwenye kutembea kwa miguu, walakini garini haina pa kujishikiza. Ama kuelekea nyuma, hilo lina sababu katika umbile lenyewe: kichwa cha mtoto ni kizito mno kwa shingo yake, na akitazama mbele gari likasimama ghafla, kiwiliwili huzuiliwa na mikanda huku kichwa kikirushwa; bali akitazama nyuma, mgongo, shingo na kichwa hupokelewa kwa pamoja na mgongo wa kiti, na nguvu ile ikaenea badala ya kukutana mahali pamoja. Kwa sababu iyo hiyo kiti cha namna hii hakiwekwi kamwe mbele penye mfuko wa hewa unaofumuka, kwani mfuko huo ungekipiga kiti mgongoni na kumdhuru yule uliyekusudia kumlinda.

Mama alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi nitakaa ubavuni pake, mkono wangu asiukose." Na shauri lake hilo likawa nguzo ya safari, kwa maana dereva hawezi kugeuka nyuma, na mtoto anayetazama nyuma haoni uso wa mtu yeyote asipowekewa mmoja kando yake.

Kukifunga kiti chenyewe kunataka uangalifu kuliko nguvu. Mkanda wa gari hupitishwa katika njia yake, kisha mtu hukikalisha kwa goti na kuuvuta mkanda mpaka uishe ulegevu. Halafu hukishika pale pale mkanda unapopita na kukitikisa kulia na kushoto, na kikisogea zaidi ya sentimita 2.5 hufunguliwa na kufungwa upya. Mikanda ya mabega nayo hujaribiwa kwa vidole: ukiweza kuubana mkanda ukapata mkunjo begani pa mtoto, bado umelegea. Na sweta nene huvuliwa kwanza, hata katika baridi ya asubuhi ya Singida, kwani unene wake hudanganya mkono wa mwenye kufunga. Mtoto afungwe kwanza, ndipo afunikwe khanga juu ya mikanda.

Upande wa kukiweka haukuchaguliwa kwa kubahatisha. Katikati tulipaacha, kwa kuwa mkanda wa pale katika gari letu ni wa kiunoni tu na kiti chetu kinataka wa mabega. Tulichagua kushoto kwa sababu mbili zilizoafikiana. Ya kwanza ni kwamba nchini kwetu magari hushika kushoto, hivyo mlango wa mtoto hufungukia majani ya kando ya njia na si mkondo wa malori. Ya pili ni jua. Mwezi wa Juni jua hupita upande wa kaskazini, na aendaye Mwanza hadi Nzega huelekea magharibi na kaskazini-magharibi, kwa hiyo joto la adhuhuri humjia kuumeni, alipokaa mama na kitenge chake kimebanwa dirishani. Jua lililohitaji hila ni la asubuhi, ambalo dereva analipa kisogo ilhali mtoto aliyegeuzwa analipokea usoni kupitia kioo cha nyuma. Tukalizuia kwa kitambaa cha wavu kinachoruhusu macho ya dereva kupita. Gari likisimama juani hatukumwacha mtoto ndani hata kwa kulipa mafuta, kwani joto la gari lililofungwa huweza kupanda kwa nyuzi kumi hivi katika dakika kumi, na kabla ya kumrudisha tulikigusa kifungo cha chuma kwa mkono wetu kwanza.

Chakula hakikutusumbua. Uji wa ulezi ulipikwa alfajiri na kutiwa katika chupa ya chai, ukaliwa kabla ya saa nne. Yaliyobaki yalikuwa ndizi, machungwa, na viazi vitamu vya Gairo vilivyochemshwa na kununuliwa vya moto, kwani kinachonunuliwa njiani kwa ajili ya mtoto kiwe kimetoka motoni mbele ya macho yako au kiwe na ganda lake mwenyewe. Mkobani mlikuwamo kadi ya kliniki, chandarua, na pakiti za ORS za kumrudishia mtoto maji akiharisha. Na zikikosekana pakiti, lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, hufanya kazi hiyo.

Usingizi wa mchana ndiyo mali ya thamani kuliko zote, na tuliutumia kwa ubahili. Kati ya Singida na Igunga barabara huteremka mlima Sekenke kwa kona kali, kisha huingia bonde la Wembere, tambarare yenye joto isiyo na mahali pema pa kusimama na mtoto. Wazee wanaikumbuka njia hii ilipokuwa ya vumbi na tope, hata mabasi mengi ya Mwanza yakaona afadhali kuzunguka Nairobi. Leo ni lami, ila bonde ni lile lile. Basi siku ile tuliondoka Singida mapema, tukamwachia mtoto akimbie Shelui mpaka jasho likamtoka, akala, akafungwa karibu na saa sita, na kabla Shelui haijapotea nyuma yetu alikuwa amelala. Akaamka tunaingia Igunga.

Kutoka Nzega njia hugeuka kaskazini na hesabu ya jua hubadilika, asubuhi likiwa kuumeni na mchana kushotoni. Tukaondoka mara kulipopambazuka ili tufike kabla halijavuka upande wa mtoto. Giza hatukulithubutu hata mara moja, kwa kuwa Usukumani ng'ombe na baiskeli hutumia barabara ile ile, na lori bovu lisilo na taa halionekani mpaka umelifikia. Wakati wa kurudi jua lilihamia kushoto, nasi kiti tukakiacha pale pale, kwa kuwa mlango unaofungukia kando ya njia una haki kubwa kuliko kivuli. Kitenge cha mama kikahamishwa dirisha, na kile kitambaa cha nyuma kikawa kinashushwa baada ya adhuhuri badala ya asubuhi.