Picha Tano za Umri wa Mtu

Iko picha ambayo mwalimu ye yote wa madarasa ya chini aijua hata akifumba macho. Watu watano wamepangwa mstari mmoja, toka kushoto kwenda kulia: mtoto mchanga aliyelala, mtoto mwenye mfuko wa shule, kijana, mtu mzima, na mwisho mzee mwenye mkongojo. Mahali pengine picha hiyo hukatwa vipande, naye mtoto huambiwa avipange kwa utaratibu. Kazi hii hupendwa sana na waalimu, kwa kuwa ni nyepesi kusahihisha: mpango ulio sawa ni mmoja tu, na kosa huonekana upesi. Sisi nasi tumeitumia hapa Rusimbi kwa muda mrefu, wala hatukuwa na neno juu yake, hata siku ile tulipomwekea alama ya kosa mtoto mmoja wa darasa la kwanza, kisha tukamwuliza sababu ya kupanga kwake.

Mtoto huyo wa kike alikuwa amemtia mzee baina ya kijana na mtu mzima. Alitujibu kwa adabu, "Mwalimu, huyu ni mfupi kuliko yule." Akatuonyesha kwa kidole mgongo wa mzee uliopinda. Kumbe alikuwa amepanga kwa kimo tangu mwanzo, na katika picha nne za kwanza kimo kilimpa jibu la sawa. Picha ya tano tu ndiyo iliyomfichua. Basi tukawageukia wenziwe waliopata alama zote, tukawauliza vilevile. Wengi wakatoa sababu ile ile ya urefu, ila juu ya mzee wakasema, "Kwa kuwa ana mkongojo." Maana yake, tulikuwa tumewapa alama kwa kutambua mkongojo. Habari za miaka kupita hazikuwamo katika vichwa vyao, wala katika swali letu hazikuwamo.

Ndiyo sababu twaishitaki picha yenyewe kabla ya kumshitaki mtoto. Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi, alitoa mwaka wa 1946 kitabu kizima juu ya jinsi mtoto anavyopata wazo la wakati. Aliwauliza watoto habari za umri wao, na wa ndugu zao, na wa wazazi wao, akaona ya kuwa walio wadogo hupima umri kwa kimo. Aliye mrefu ndiye aliyetangulia kuzaliwa. Na aliyekwisha kukua haongezi umri tena, maana haongezeki urefu. Aliwaonyesha pia picha za miti miwili, mmoja uliopandwa nyuma ya mwenzake lakini ukakua upesi ukaupita. Wadogo wakasema ndio wenye umri mwingi, ingawa walikuwa wameambiwa ni upi uliopandwa kwanza. Sasa tazama picha yetu ya watu watano: imewapanga kama ngazi, kila mmoja akimzidi aliyemtangulia kwa kichwa. Imelilisha kosa lile lile iliyopasa kuliondoa.

Tena lugha yetu inatutega. Neno "mkubwa" kwetu lina maana mbili, mwenye mwili na mwenye umri, na mtoto huyasikia yote mawili kwa sauti moja. Lakini lugha hiyo hiyo ina dawa yake. Kila nyumba hapa kuna mtu aitwaye "mdogo wangu" ambaye amempita kaka yake kwa kimo, naye bado ni mdogo, huamkia, hutumwa dukani. Tulipouliza darasani kwa nini huyu mrefu ni mdogo, mvulana mmoja alisema bila kufikiri sana, "Kwa sababu yeye alinikuta." Jibu hili ladhihirisha kujua kabla na baada, nasi tungalitafuta mwaka mzima katika picha za ukutani tusilipate.

Wala mtu asidhani kwamba watoto wa pwani ya Tanganyika hawajui utaratibu wa mambo. Wana wa wavuvi wanajua ya kwamba wakati wa mbalamwezi mitumbwi ya taa hukaa pwani, na giza likirudi baba zao hutoka jioni. Wanajua dagaa huletwa asubuhi, huanikwa mchangani, hugeuzwa, ndipo hutiwa magunia. Na ukiwaambia kwamba mtu ametia magunia kabla ya kuanika, watakucheka. Utaratibu huo wanao kwa sababu dagaa ni wale wale tangu mtumbwini hata guniani. Wamewafuata kwa macho yao.

Na hili ndilo shitaka letu la pili, tena twaliona kuwa kubwa kuliko la kwanza. Watu watano wa picha si mtu mmoja. Mchanga hana uso wa yule wa mfuko. Mtu mzima amevaa suti, mzee amevaa kanzu. Mchoraji alikusudia kuonyesha mtu mmoja akipita katika umri wake wote, lakini mtoto huona watu watano waliokuja pamoja kupigwa picha. Tuliuliza, "Bibi yako alikuwa nani kabla ya kuwa bibi?" Darasa likacheka. Wengine walisema alikuwa bibi tu. Kwa watoto hao uzee ni kabila la watu. Hawaujui kama mahali ambapo mtu hufika kwa kutembea.

Kicheko kile kilitusumbua, maana tulikisikia tena kwa sura mbaya zaidi. Tulimwomba bibi wa mwanafunzi mmoja aje kukaa nasi kipindi kimoja. Watoto wakasimama, "Shikamoo, Bibi." Akajibu, "Marahaba, wajukuu zangu," akakaa. Nasi, kwa ujinga, tukaanza kwa kumwuliza mwaka wa kuzaliwa. Akasema hausemi kwa tarakimu, kwa kuwa hakuna aliyeuandika. Mtoto mmoja wa nyuma akanong'ona, "Bibi hajui umri wake," wakacheka. Aliyewafundisha kicheko kile ni nani, kama si sisi, tuliowazoeza kuamini kwamba asiye na tarakimu hana umri?

Lakini Bibi hakukasirika. Alisema kwamba mama yake alimwambia alikuwa angali akibebwa mgongoni ziwa lilipopanda, watu wakahamisha nyumba zao kutoka ukingoni. Na kwamba vijana walipokwenda vitani Uganda, yeye alikuwa akimnyonyesha mtoto wake wa kwanza. Wasomaji watatambua. Mvua kubwa za mwaka wa 1961 zilijaza maziwa ya Afrika ya Mashariki, na Tanganyika likaendelea kupanda hata mwaka wa 1964. Vita vya Uganda ni vya 1978 na 1979. Umri wake ulikuwa umejulikana wakati wote, kwa kosa la miaka miwili au mitatu. Sisi ndio tuliokuwa hatujui kusoma.

Watoto hawa nao wanasimuliwa na mama zao juu ya kupanda kwa ziwa, maana katika mwaka wa 2020 na wa 2021 maji yalipanda tena, yakaingia katika nyumba na gati za ukingoni. Tukawaambia: ziwa lilipopanda zamani zile, Bibi alikuwa mgongoni kwa mama yake, lilipopanda juzi, ninyi mlikuwa mgongoni kwa mama zenu. Darasa likanyamaza. Kisha mmoja akauliza, "Bibi naye alilia?" Bibi akasema huenda alilia sana. Hatukufundisha neno lingine siku ile.

Yuko mwalimu mwenzetu aliyepinga, akisema kwamba si kila darasa litapata bibi mwenye subira, na kwamba picha haina budi kuwapo. Neno lake ni kweli kwa sehemu. Picha ile yafaa kufundishia majina: mchanga, kijana, mtu mzima, mzee. Hapo hatuna ugomvi nayo. Lakini kama ni picha ya kufundishia kabla na baada, tunayo iliyo bora, nayo imefungwa gatini hapa Kigoma kwa miaka mingi ya maisha yake. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka wa 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa makashani, ikaja kuungwa Kigoma na kushushwa majini mwaka wa 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mwaka wa 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha. Mwaka wa 1924 Waingereza waliiibua, na mwaka wa 1927 ikarudi kazini kwa jina ililo nalo.

Uzuri wa meli hii kwa mwalimu ni kwamba haikukua. Urefu wake katika picha ya zamani na katika picha ya baadaye ni mmoja, hivyo mtoto hawezi kujiponya kwa kimo. Imempasa atafute sababu. Tuliuliza, bila kutaja mwaka wo wote, "Iliyofika Kigoma kwanza ni reli au meli?" Wengi walisema meli, kwa kuwa ni kubwa. Tukawaambia habari za makasha, nasi tukanyamaza. Baada ya kitambo yule msichana wa mgongo uliopinda akasema, "Makasha yalikuja na treni." Basi reli ilitangulia, na ndivyo ilivyokuwa, mwaka wa 1914. Naye hakuuhitaji mwaka huo kulijua jambo lenyewe.

Jambo la majina mawili liliwashinda wengine, wakasema Goetzen ilizama na Liemba ni meli nyingine. Hatukuwalaumu, hata watu wazima husema hivyo. Ilitubidi kurudi kwa Bibi, tukawauliza kama aliitwa Bibi alipokuwa mgongoni. Wakasema la, alikuwa na jina lake.

Mwisho wa muhula tulizitoa tena zile picha tano zilizokatwa, kwa kutaka kuona. Msichana wetu alivipokea vipande vyake, akavitandaza juu ya dawati, akavitazama kimoja kimoja, wala hakupanga hata kimoja. Tulipomkaribia akatuuliza, "Mwalimu, hawa ni ndugu watano, au ni mtu mmoja?" Tukaichukua picha, tukaitazama mbele na nyuma, tusione po pote palipoandikwa.